Shahada ya Muziki na Shamba la Mzazi

Kila mwaka hunijia wanafunzi wanaotaka kusomea usimamizi wa muziki ughaibuni, na mara nyingi ada yake ni bei ya shamba la mzazi. Siipingi ndoto hiyo. Napinga kuvutwa na jina la chuo.

Meneja hula kwa asilimia ya mapato ya msanii wake. Asipojua kuyalinda, wote wawili hulala njaa. Je, kozi hiyo inafundisha mikataba, uhasibu na hakimiliki? Sheria ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hutenganisha haki za mtunzi wa wimbo na za mtayarishaji wa rekodi. Asiyeijua tofauti hiyo atatoa haki yake kwa saini yake mwenyewe.

Shahada ya biashara au sheria katika chuo cha umma hapa nyumbani, pamoja na kujitolea kwenye studio au tamasha kama Sauti za Busara, aghalabu hugharimu kidogo, na hufaa hata nje ya muziki.

Ndugu mwanafunzi, kabla shamba halijauzwa, soma orodha ya masomo, kisha watafute wahitimu: leo wanaishi kwa kazi gani?