Neno “High” na Wenzake

Watu wa Usambara hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza maana ya kwenda juu. Mtu atokaye Mombo, penye joto na mashamba ya mkonge, hupanda njia izungukayo ubavuni mwa mlima, hupita Soni penye maporomoko ya maji, na afikapo Lushoto hutafuta nguo nzito. Hapo amefika meta zipatazo 1,400 juu ya bahari. Tangu kale Washambaa waliita nchi yao ya juu Shambaai, na nchi ya chini yenye joto waliiita nyika. Mpaka wa nchi hizi mbili haukupimwa kwa kamba. Ulijulikana kwa mvua, kwa majani, na kwa ubaridi wa asubuhi.

Walakini mtoto wa milima hii, awe wa Kifungilo au wa kijiji kingine, akiingia shule ya sekondari, ambako masomo husomwa kwa Kiingereza, hukuta kwamba jambo alilolijua tangu kubebwa mgongoni limegeuka fumbo. Huandika kuwa mlima ni “long”, na shimo ni “tall”. Akitaka kumsifu baba yake kwa urefu, huandika kuwa ni “high”, wala hajui kwamba kwa Kiingereza cha siku hizi amesema baba yake amelewa au amevuta bangi. Darasa zima hucheka, na pengine mwalimu naye hucheka. Basi mtoto hunyamaza, na mtoto aliyenyamazishwa na aibu ni kazi ngumu kumfundisha tena. Kwa hiyo twaona yafaa kulichungua neno hili pamoja na wenzake, ili tujue kosa hilo latoka wapi.

Latoka katika neno letu -refu. Twasema mti mrefu, njia ndefu, kisima kirefu, mlima mrefu, na usiku mrefu; neno ni lile lile. Mwingereza hapo ana maneno manne: mti ni “tall”, njia ni “long”, kisima ni “deep”, na mlima ni “high”. Wako watu, hata miongoni mwetu tuliosoma, wasemao: Tazameni umaskini wa Kiswahili! Sisi twakataa. Warumi wa kale walikuwa na neno moja, “altus”, kwa mlima uliokwenda juu na kwa bahari iliyokwenda chini, wala hatujasikia mtu akisema kuwa Kilatini ni lugha maskini. Tena Kiswahili si kwamba hakijui tofauti. Kinapotaka kutenga, husema kimo cha mtu na kina cha maji, na hapana achanganyaye maneno hayo mawili.

Sasa na tugeuze mizani. Tulichukue neno “high” la Kiingereza tulipeleke kwetu, tuone litaitwaje. Mahakama iliyo “high” twaiita Mahakama Kuu, na njia iliyo hivyo ni barabara kuu. Kuhani ni Kuhani Mkuu, na Misa ni Misa Kuu. Bali Mungu ni Aliye Juu. Homa ya namna hiyo ni homa kali, na upepo kadhalika ni upepo mkali. Bei ni ghali. Sauti ya mtoto mchanga ni sauti nyembamba. Maji ya pwani yamejaa. Na saa sita ya mchana, jua likiwa katikati ya mbingu, husemwa jua la utosi, maana lasimama juu ya utosi wa mtu. Haya ni maneno mengi yaliyo mbalimbali, na Mwingereza hutumia moja tu. Je, nasi tumwite maskini? La hasha. Kila lugha hukata nguo kwa mkasi wake.

Hatari iliyopo ni kutafsiri pasipo kufikiri. Siku hizi twasikia watu wakisema “homa ya juu”, kana kwamba iko homa nyingine ikaayo miguuni. Anayesema hivyo hakupata Kiingereza, na Kiswahili chake amekipunguza.

Asili za maneno haya zatufundisha mengi. Neno “high” ni la kale sana katika Kiingereza, na ndugu yake katika Kidachi ni “hoch”. Katika lugha ya kale ya watu wa kaskazini ya Ulaya alikuwapo ndugu mwingine, “haugr”, maana yake kichuguu au kilima kidogo. Wanafunzi huuliza kwa nini Waingereza huandika herufi “gh” nao hawazitamki. Jibu ni kwamba zamani walizitamka, kwa sauti ya kooni iliyo karibu na kh yetu katika neno “kheri”, kama Wadachi watamkavyo hata leo mwisho wa “hoch”. Sauti imekufa, mwandiko umebaki.

Neno “tall” lina safari ya ajabu zaidi. Hapo kwanza maana yake ilikuwa mtu mwepesi, aliye tayari kwa kazi. Baadaye likawa sifa ya mtu mzuri wa sura, na tena ya mtu shujaa. Ndipo katika karne ya 16 likaanza kutumika kwa kimo. Hata katika michezo ya Shakespeare, mtu aitwaye “tall” pengine husifiwa ushujaa, wala si urefu.

Na lile “altus” la Warumi latokana na neno la kulisha: kilicholishwa kimekua, na kilichokua kimekwenda juu. Neno “old” la Kiingereza, yaani -zee, ni la ukoo huo huo. Wasomaji wetu wasidhani kwamba mawazo haya ni ya Ulaya tu. Kwetu nako twasema kukua, na katika mzizi huo yametoka maneno -kuu na -kukuu. Zamani palikuwa na herufi l katikati, nayo imepotea katika Kiswahili. Waganda wangali nayo, maana kwao kukua ni “okukula”, na mkubwa ni “omukulu”. Kadhalika neno letu juu, ambalo watu wa Lamu husema yuu, ni ndugu wa “eggulu” la Waganda na “izulu” la Wazulu, na kwa wote wawili maana yake ni mbingu. Basi tusemapo Mahakama Kuu, kwa asili twasema mahakama iliyokua. Na tusemapo juu, twaielekeza mbingu. Lugha yenye kumbukumbu ya namna hii haistahili kuonewa haya na wenyewe.

Inabaki kazi ya darasani. Sisi twaona kuwa haifai kumpa mtoto maneno manne kwa mpigo ayakariri. Yafaa kumwuliza: Jicho lako lasafiri kutoka wapi hata wapi? Likianza miguuni pa kitu kisimamacho, chembamba kwa kimo chake, likapanda hata utosini, hicho ni “tall”: mtu, mti, mlingoti, mnara. Likiutazama mlima au ukuta, au likiondoka chini kukifuata kitu kilicho mbali na ardhi, kama wingu, dari, au rafu ya vitabu, hicho ni “high”. Likishuka kutoka mdomo wa kisima, ni “deep”. Likienda mbele juu ya ardhi, ni “long”. Kisha aonyeshwe dirisha. Dirisha refu ni “tall”; dirisha lililo juu, lisilofikiwa na mkono, ni “high”. Hapo mtoto atafurahi, maana ataona kuwa tofauti hiyo alikuwa nayo tayari katika Kiswahili chake.

Mfano mzuri uko katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 2016 zilitangazwa habari za mti ulio katika bonde moja la Kilimanjaro, wenye meta 81.5, mrefu kupita miti yote ya asili iliyopata kupimwa katika Afrika. Wataalamu huuita Entandrophragma excelsum, na neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake uliokwenda juu sana. Mlima wenyewe una meta 5,895, nao ni mrefu kupita milima yote ya Afrika. Kiswahili chasema mrefu mara mbili, wala hakuna msikiaji apoteaye. Kiingereza hakina budi kuuita mti “tallest” na mlima “highest”. Mwanafunzi akiukumbuka mti huo na mlima wake, hatakosea tena.

Wala tusisahau kwamba juu na chini hutegemea mahali asimamapo mtu. Wadachi walipotawala nchi hii waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, maana yake Bonde la Wilhelm. Mtu wa Mombo hupanda kutwa kuufikia mji huo. Wao waliusimamia wakaona vilele vimeuzunguka, wakauita bonde. Wote wawili walisema kweli.

Mithali yasema, Aliye juu mngoje chini. Kwa desturi huambiwa mwenye kiburi, nasi walimu yatuhusu pia. Mwanafunzi akiandika kuwa mlima ni “long”, tusimngoje apande peke yake hata tulipo. Tushuke, tusimame alipo, tutazame anachokitazama, ndipo tumpe neno lake.