Mashine ya Gemu na Vipuri Vilivyoadimika

Ndugu msomaji, kama wewe ni mzazi mwenye vijana hapa mjini, bila shaka umekwisha kulisikia jina la PlayStation likitajwa nyumbani mwako mara nyingi kuliko majina ya baadhi ya ndugu zako. Usikunje uso. Leo nataka tuzungumze habari za mashine hiyo, si kwa ajili ya mchezo wenyewe, ambao mimi siuelewi wala sina umri wa kuuanza, bali kwa sababu ya jambo ambalo sisi tuliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunalijua vizuri mno, nalo ni bidhaa kuadimika.

Tulipanga foleni za sabuni na sukari. Tuliweka jiwe kwenye mstari lituwakilishe wakati tukienda kazini. Walanguzi tuliwajua kwa sura na kwa mitaa yao. Kwa hiyo nilipopata habari kwamba watu wa Tokyo na London wanahangaika kutafuta mashine ya michezo, na fedha wanazo mkononi, nilicheka kidogo. Kicheko hicho hakikudumu, maana uhaba ule ulifika mpaka kwa dada yangu, Tandika.

Sony ilianza kuuza PlayStation 5 tarehe 12 Novemba 2020, na bei yake Marekani ilikuwa dola 499.99. Microsoft ilikuwa imetangulia kwa siku mbili kuitoa Xbox Series X. Mashine hizo zilikwisha madukani papo hapo. Wako watu waliotumia programu za kompyuta zinazonunua katika maduka ya intaneti kwa kasi isiyowezekana kwa kidole cha binadamu, wakazizoa kwa wingi, kisha wakaziuza kwa bei iliyofikia hata mara mbili. Sina jina jingine la kuwaita watu hao, msomaji, isipokuwa lile lile la zamani.

Mpwa wangu ana kibanda cha gemu. Ana televisheni tatu, mabenchi mawili na feni moja, na vijana hulipa kwa kila mechi wanayocheza. Mwanzoni mwa mwaka 2021 wateja wake walianza kumsumbua wakiitaka mashine mpya. Mama yake, ambaye ni mama lishe, alikuwa amefikiwa na zamu yake ya mchezo (namaanisha upatu, si gemu), akakubali kumkopesha. Kijana akaenda Kariakoo, akatajiwa bei iliyokaribia mara mbili ya ile aliyoisoma. Jioni akaja kwangu.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Mbona hivyo?”

“Wananiambia imepanda kwa sababu vipuri hakuna. Vipuri vya nini, mjomba, na mashine yenyewe ni mpya?”

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Mashine ile ndani yake ina chipu nyingi, kubwa na ndogo. Ile kubwa, ambayo ndiyo ubongo wake, hutengenezwa Taiwan na kampuni ya TSMC. Nyingine ni vipande vya bei ya chini kabisa, vya kuongoza umeme au kuunganisha mawasiliano. Lakini kikikosekana hata kimoja cha hivyo vya bei ndogo, mashine nzima haiwezi kutoka kiwandani, kama vile basi jipya lisivyoweza kwenda Morogoro kwa kukosa mkanda wa feni.

Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipowafungia watu majumbani, viwanda vya magari viliogopa kukosa wateja vikafuta oda zao za chipu. Wakati huo huo mamilioni ya watu walitaka kompyuta za kufanyia kazi nyumbani, na televisheni, na gemu. Magari yalipoanza kununuliwa tena, wenye viwanda vyake wakarudi na kukuta nafasi zao zimechukuliwa. Na kiwanda cha chipu hakijengwi kama ghala la mahindi. Hugharimu mabilioni ya dola na miaka kadhaa, na hata kikiwa tayari, chipu ya kisasa huchukua miezi kutoka hatua ya kwanza hadi ya mwisho.

Kisha zikafuatana ajali. Februari 2021 baridi kali ilikata umeme katika jimbo la Texas, viwanda vya chipu vya mji wa Austin vikasimama. Tarehe 19 Machi moto ulizuka katika kiwanda cha Renesas huko Naka, Japani. Taiwan nayo ikapatwa na ukame mkali, na kwa kuwa viwanda vya chipu hunywa maji kwa wingi wa kutisha, serikali ikawakatia wakulima wa mpunga maji ya kumwagilia. Hapo nilinyamaza kidogo nilipokuwa nikimsimulia mpwa wangu. Mkulima ameacha shamba likauke, na bado mashine haikutosha.

Wapo wanaosema kampuni hizi huficha bidhaa kwa makusudi ili kuzipandisha hadhi. Mimi sikubaliani nao, angalau kwa kisa hiki. Faida kubwa ya biashara hii haitoki kwenye mashine; mwaka 2021 ofisa mmoja wa Microsoft alieleza mahakamani kwamba Xbox haijawahi kuuzwa kwa faida. Fedha hutoka kwenye michezo inayonunuliwa baadaye, hivyo mashine isiyouzwa ni mteja aliyepotea wa michezo kumi. Sony ilikusudia kuuza PlayStation 5 zaidi ya milioni 14.8 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022, ikaishia milioni 11.5. Nintendo nayo ilipunguza makadirio ya Switch kutoka milioni 25.5 hadi 24, kisha 23. Mlanguzi hujipatia faida katika uhaba. Mwenye kiwanda huhesabu alichokosa.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1988 uhaba wa chipu ulichelewesha michezo ya Nintendo huko Marekani. Mwaka 2000 Sony ilipunguza PlayStation 2 za siku ya kwanza Marekani kutoka milioni moja hadi laki tano kwa kukosa vipuri. Mwaka 2006 kilichokosekana kilikuwa kijitaa cha mwanga wa buluu kinachosoma diski, na watu wa Ulaya wakaisubiri PlayStation 3 mpaka Machi 2007.

Huo mwaka 2000 una habari nyingine inayotugusa zaidi sisi tunaosema Kiswahili. Mwishoni mwake bei ya tantali, madini yanayotumika kutengeneza kapasita ndogo za simu, kompyuta na mashine za gemu, ilipanda mara kadhaa. Tantali hupatikana katika koltani, na koltani ilikuwa ikichimbwa Kivu katikati ya vita. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti yao kuhusu uporaji huo Aprili 2001. Baadhi ya waandishi waliibebesha PlayStation 2 mzigo wote. Naona wamezidisha, kwani simu zilikuwa nyingi mno kuliko gemu. Lakini kwamba uhaba katika kiwanda cha mbali huongeza majembe na bunduki katika mlima wa Masisi, hilo halina ubishi.

Mpwa wangu hakuinunua PlayStation 5. Tulikaa na dada yangu, tukahesabu mechi ngapi zingehitajika kurudisha fedha za upatu kabla ya wenzake kuanza kunung'unika, na hesabu haikukubali. Alinunua PlayStation 4 mbili zilizokwisha kutumika. Sony yenyewe ilifanya jambo la kufanana na hilo: iliendelea kutengeneza PlayStation 4 hata mwaka 2022.

Jambo linaloniudhi zaidi ni bei. Desturi yetu sisi wenye mishahara midogo ni kusubiri. PlayStation 2 ilianza kwa dola 299 mwaka 2000, ikawa dola 199 mwaka 2002, na kufikia 2009 ilikuwa dola 99. Aliyekuwa na subira aliipata. PlayStation 5 imekwenda kinyume: Agosti 2022 Sony ilipandisha bei Ulaya, Japani na kwingineko, na Agosti 2025 ikapandisha Marekani pia, kwa dola 50. Vipuri vilikuwa vimekwisha kupatikana tangu 2023, lakini bei haikurudi chini.

Mwishoni mwa mwaka 2025 ukazuka uhaba mwingine, safari hii wa chipu za kumbukumbu, kwa kuwa vituo vya kompyuta vya akili bandia vinazinunua kwa bei ambayo mtengenezaji wa gemu hawezi kushindana nayo. Desemba ya mwaka huo Micron ilitangaza kuacha kuwauzia wateja wa kawaida kwa jina lake la Crucial. Kijana ameniuliza kama asubiri tena bei ishuke. Nimemwambia akipata iliyotumika na yenye hali nzuri, na padi zake mbili zikiwa nzima, ainunue mwezi huu.