Kaa Wanne na Tangi Kuukuu

Mtu aliyezaliwa pwani hamstaajabii kaa akaaye ndani ya kombe la konokono. Humwona jioni akiburura nyumba yake mchangani, akampisha, akaenda zake. Yule aliyezaliwa bara, akimwona mara ya kwanza, hudhani ameona konokono aliyeota miguu. Mimi ni mzaliwa wa Kwale, na chuo cha ualimu kilinifundisha jinsi ya kumweka mtoto darasani, si jinsi ya kumweka kaa nyumbani. Elimu hiyo ya pili naliipata Nakuru, mji ulio mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo kaa hawezi kufika kwa miguu yake mwenyewe.

Walifikishwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, mwanzo wa muhula wa kwanza wa mwaka 2023. Alikuwa amekwenda kwa shangazi yake Msambweni, akarudi na mkebe wa biskuti. Ndani ya mkebe mlikuwa na kaa wanne. Watatu walikuwa na makombe mema. Wa nne, aliye mdogo kuliko wote, alikuwa amevaa kifuniko cha plastiki cha dawa ya meno, na nusu ya tumbo lake laini ilikuwa nje.

"Mwalimu," alisema, "huyu nilimwonea huruma. Hawa wengine nimewachukua wawe wenzake."

Nalimweleza kwamba sheria ya nchi yetu haimruhusu mtu kujiwekea mnyama wa porini bila kibali, na kwamba katika hifadhi za bahari, kama ile ya Kisite iliyo kusini ya Msambweni, hata kombe tupu haliokotwi. Tukapeleka habari kwa wahusika, tukaambiwa tuwatunze mpaka wapate kurudishwa palepale walipotolewa. Kuwapeleka kwa basi kama kifurushi sikukubali. Mwanafunzi angerudi kwa shangazi yake katika likizo ya Aprili. Hivyo nikawa na wageni wanne, na karibu miezi mitatu ya kuwaweka hai.

Yafaa msomaji ajue kwa nini jambo hili halikuwa jepesi. Kaa huyu, ambaye wataalamu humwita Coenobita, hapumui kama samaki wala hapumui kama sisi. Anayo matamvua, lakini matamvua hayo huvuta hewa, si maji. Nayo hayafanyi kazi ila yakiwa na unyevu. Mweke katika hewa kavu, matamvua yatakauka, naye atakufa pole pole, siku kwa siku, bila kelele na bila dalili ambayo mtu asiyemjua angeitambua. Mzamishe katika maji asiweze kutoka, atakufa maji, ingawa alizaliwa baharini. Huzaliwa huko kwa sababu mama huteremka ufukweni kuyaacha mayai yake majini, na watoto huelea baharini kabla ya kutafuta makombe na kupanda nchi kavu. Ndiyo maana ni vigumu sana kuwazalisha nyumbani. Huko Marekani, ambako kaa hawa huuzwa madukani kama wanyama wa kuchezea watoto, karibu wote wametolewa porini. Wengi hufa upesi kwa kiu ya hewa, na mwenye kuwanunua huambiwa kwamba ndio umri wao. Si kweli, mwenye kutunzwa vizuri aweza kuishi zaidi ya miaka 30, yaani karibu umri wangu mimi.

Basi nilihitaji kitu cha kuizuia pwani isitoke. Kwa muuza vitu vilivyokwisha tumika naliona tangi la kioo lenye urefu wa futi mbili, upana wa futi moja na kimo cha inchi 15. Lilikuwa limekaa samaki wa mapambo katika mkahawa fulani, kisha likakaa misumari. Muuzaji alitaka shilingi 2,500. Tukavutana mpaka 1,800. Nalipitisha ukucha katika kila pembe, nikaona kona moja gundi yake imebanduka. Kwa mfugaji wa samaki hilo lingekuwa kasoro kubwa. Kwangu halikuwa kitu, maana tangi langu halikukusudiwa kujazwa maji.

Lililonitia wasiwasi ni lile ambalo jicho halioni. Wafugaji wa samaki hutibu maradhi kwa dawa zenye shaba, na shaba, hata kidogo, ni sumu kwa jamii yote ya kaa na kamba. Nalimrudia muuzaji, naye akaniunganisha na mwenye mkahawa kwa simu. Alinihakikishia kwamba samaki wake hawakupata kutiwa dawa yoyote. Walikufa bila matibabu. Nikamshukuru kwa habari hiyo, ingawa si habari ya kumsifu mtu kwayo. Tangi nikalisugua kwa siki nyeupe na maji ya moto mpaka utando mweupe wa chokaa ukatoka, nikalisuuza mara nyingi, nikalianika juani siku mbili. Sabuni sikuitia.

Kifuniko kilikuwa cha wavu wa waya, nacho nikakitupa. Wavu ni mzuri kwa sungura. Kwa kaa wa kombe ni mlango wa kutokea unyevu. Fundi wa vioo alinikatia kipande kipya, akakilainisha kingo, nami nikaacha ufa mdogo kama upana wa kidole ili hewa ipate kubadilika.

Kisha mchanga. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa humtengenezea mnyama nyumba ya kutazamika wao, si ya kukalika yeye. Hutandaza mchanga kama unene wa sahani, wakaupamba kwa kokoto za rangi. Lakini kaa huyu, kila anapotaka kukua, hana budi kujivua gamba la mwili wake, na kazi hiyo huifanya chini ya ardhi, gizani, peke yake, maana wakati huo mwili wake ni laini na wenzake waweza kumla. Asipopata kina, hujizuia mpaka nguvu zimwishe. Nalitia inchi nane za mchanga uliooshwa, sehemu tano kwa moja na unga wa makumbi ya nazi ambao wenye vitalu vya maua hutumia kuoteshea miche. Nikaulowesha mpaka ukawa ukifinywa unashikamana, lakini hautoi maji. Uzito wake ulipata kilo 60 hivi. Meza ya kwanza ililia. Nikaleta ya maabara.

Maji yalikuwa mawili, ya baridi na ya chumvi, maana kaa huyu hutumia yote mawili na huyabeba ndani ya kombe lake. Ya baridi tuliyakinga ya mvua, tukakwepa ya bomba kwa sababu ya klorini. Ya chumvi yalitoka baharini kwenyewe: ndugu yangu alinipelekea dumu la lita 20 kwa basi, na utingo, alipoambiwa ni maji ya bahari, aliuliza kama ni ya uganga. Chumvi ya mezani haitoshi. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, lakini chumvi hiyo ni mchanganyiko wa madini mengi, wala si ile moja tuitiayo ugalini kwa mchuzi. Katika kila bakuli tuliweka kokoto za kupandia, ili mwenye kuingia aweze kutoka.

Mwaka ule ulianza kwa ukame. Usiku wa Nakuru ni wa baridi, na mchana wa Februari ni mkavu. Nalikabidhi kazi ya vipimo kwa wanafunzi wa jiografia. Walitundika ndani ya tangi vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kimoja kilichofungwa kitambaa chenye maji, kama walivyofundishwa katika somo la hali ya hewa. Darasani, saa nane mchana, kikavu kilisoma digrii 26 na chenye maji 16. Jedwali likasema unyevu wa hewa ni karibu asilimia 35. Ndani ya tangi kikavu kilisoma 26 vilevile, chenye maji 23 na nusu. Jedwali likasema karibu asilimia 80. Vioo vitano na kifuniko kimoja ndivyo vilivyotenga kaa na mauti. Kijana mmoja ambaye hakupata kulipenda somo lile aliuliza kama angeweza kupima tena usiku. Joto la usiku lilitokana na taa ya kutunzia vifaranga, ambayo mjini kwetu haikosekani. Tuliiweka nje, nyuma ya kioo, juu ya usawa wa mchanga, na ubavu mwingine wa tangi tukauzungushia blanketi. Walikula mabaki ya mboga, samaki mkavu asiyetiwa chumvi, nazi, na ganda la yai lililopondwa.

Limebaki lile la kifuniko cha dawa ya meno. Kaa huyu hawezi kujijengea nyumba. Huirithi kwa konokono aliyekufa, na akikua hutafuta nyingine. Zikikosekana huvaa chochote. Takataka zetu humdhuru kwa njia mbaya kuliko hiyo. Watafiti waliokwenda visiwa vya Cocos na Henderson walikadiria, katika taarifa ya mwaka 2019, kwamba kaa wapatao 570,000 walikuwa wamekufa ndani ya chupa na makopo. Huingia wasiweze kupanda kioo au plastiki iliyo laini, na mmoja akifa, harufu yake huwaambia wenziwe kwamba kuna kombe lililoachwa wazi. Nao huja kulitafuta, wakanasa.

Wanafunzi wakatafuta makombe mji mzima. Wengi walileta kauri zilizobanduka katika mapambo ya bibi zao, lakini mdomo wa kauri ni mwembamba kama ufa, na kaa hapiti. Wengine walileta yaliyopakwa rangi, tukayakataa, kwa kuwa rangi hubanduka na mwenyeji huila. Mwisho jirani mmoja mstaafu, mama aliyepata kufanya kazi Mombasa, alitupa matano kutoka dirishani pake, yenye mlango wa mviringo. Aliyatoa polepole, moja moja, akisema kwamba yamekaa pale tangu mwaka 1981. Tukayachemsha, tukayapoza, tukayapanga kwa ukubwa.

Kwa siku tisa mdogo alilizunguka moja la makombe hayo. Alilipima mdomo kwa kucha, akachungulia ndani, akarudi kifunikoni. Siku ya kumi, asubuhi, kifuniko kilikuwa tupu. Sikujua mpaka siku ile kwamba darasa la vijana 48 laweza kushangilia bila kupiga kelele. Mmoja wa wale wakubwa naye alihama wiki iyo hiyo, na kombe lake likachukuliwa na aliyemfuata. Ivan Chase, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, ameandika juu ya mahamio haya ya mfululizo, akayalinganisha na ya watu: nyumba moja ikiwa wazi, hufungua nyumba nyingi.

Katikati ya Machi yule mkubwa kuliko wote alijizika. Nalingojea wiki moja, mbili, nne. Aprili ikafika, mwanafunzi akaja na mkebe wake wa biskuti, safari hii una mchanga mbichi na kitambaa chenye maji. Watatu tuliwatia. Wa nne alikuwa chini.

"Mwalimu, tumfukue?" aliuliza. "Shangazi anangoja."

Nalimwambia hapana. Kama alikuwa akijivua gamba, kumfukua ni kumuua. Kama alikuwa amekwisha kufa, kumfukua hakutamfaa kitu. Kijana alitazama tangi muda mrefu. Palikuwa na mchanga tu. Akasema, "Na kama hatoki?" Sikuwa na jibu. Akaondoka na watatu, nami likizo yote nikakaa Nakuru, nikibadilisha maji ya bakuli mbili ambazo hakuna aliyezinywa. Umeme ulipokatika usiku, nalijaza chupa maji ya moto nikaziegemeza kwenye kioo. Mke wangu aliniuliza ninamfanyia nani kazi hiyo. Nikamwambia: mchanga.

Kwa kijana ilikuwa heri, maana watatu walifika salama. Alipofika Msambweni, aliwaweka chini ya vichaka walipotoka, wakakaa kimya kidogo kisha wakatembea. Kifuniko cha dawa ya meno alirudi nacho Nakuru, na hata leo kiko katika kabati la sayansi pamoja na kibandiko cha tarehe.

Wiki ya pili ya Mei, muhula ukiwa umekwisha anza, mwanafunzi wa zamu alikuja mbio ofisini. Uso wa mchanga ulikuwa umepasuka. Mkubwa alikuwa amesimama karibu na bakuli la maji ya chumvi, rangi yake imekoza, ncha za miguu yake kali kama mpya. Gamba la zamani hatukuliona ila vipande viwili vya mguu. Lililobaki alikuwa amelila, kama ilivyo desturi yao, ili kuyarudisha madini mwilini. Tulimpa wiki tatu agumu barabara. Kisha ndugu yangu, aliyekuja Nakuru kwa harusi, akamchukua mpaka Msambweni, akamkabidhi shangazi.

Tangi nalimwuzia mwalimu mwenzangu kwa shilingi 1,500. Anataka kuweka samaki. Nimemwonyesha ile kona iliyobanduka.