Upande wa Kulia

Januari, mlima Kilimanjaro huonekana wote asubuhi tu. Jua likishapanda, unyevunyevu wa msituni nao hupanda, na kufikia saa tano kilele cha Kibo mara nyingi kimeshafunikwa. Ndiyo maana mwaka 2018, bibi alipomaliza matibabu Dar es Salaam, niliwagomea ndugu waliotaka arudi Kilimanjaro kwa ndege ya jioni kwa kuwa nauli ilikuwa nafuu. Bibi alikuwa ametolewa mtoto wa jicho. Kwa miaka mingi aliuona mlima wake kama ukungu tu, na mimi niliona ni haki yake autazame vizuri kabla ya mtu mwingine yeyote safarini.

“Dada, naomba dirishani, upande wa kulia, nyuma kabisa,” nilimwambia binti wa kaunta. “Ni wa bibi.” Akatupa herufi F.

Ndege ilikuwa ya pangaboi. Bawa lake liko juu ya madirisha, kwa hiyo ardhi huonekana vizuri. Kinachoziba ni injini, na ndiyo sababu ya kukaa nyuma. Upande nao una maana yake. Kutoka Dar kwenda uwanja wa Kilimanjaro, KIA, ndege huelekea kaskazini-magharibi, ikiiacha kulia Usambara, Upare, hatimaye Kilimanjaro. Wa kushoto hutazama nyika ya Umasaini mpaka Meru itokeze. (Kwenda Nairobi ni kinyume: ndege hupita mashariki ya mlima, ukae kushoto.)

Bibi alivua miwani myeusi ya hospitali tulipofika usawa wa Same. Barabara ile aliijua kwa basi, na kwa basi milima ya Upare ni ukuta tu unaoandamana nawe. Sasa aliona juu ya ukuta ule kuna mashamba, njia nyekundu, mapaa ya bati yakimeta. “Kumbe wanalima mpaka kule!” alisema, akanishika mkono. Likaja bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha miwa ya Arusha Chini, kijani kilichokatwa pembe nne katikati ya nchi iliyokauka.

Mlima ulikuja ukitokea mbele, upande wetu. Bibi aliolewa Marangu, anaitambua Mawenzi kwa meno yake kama wengine wanavyotambua sauti ya jirani. Mawenzi ina mita 5,149, Kibo 5,895, lakini kutoka nyumbani kwake Mawenzi iko karibu na huonekana kubwa. Humo ndani ya ndege Kibo ilikuwa imesimama mbele ya macho yetu, pana, na yeye akaweka kidole kwenye kioo, akifuata barafu ya kusini ikishuka.

“Mbona imebaki michirizi?”

Nilimweleza nilichokijua: kwamba barafu iliyopimwa mwaka 1912, zaidi ya robo tatu yake ilikuwa imeshayeyuka karne hii ilipoanza. Hakujibu. Alikuwa msichana wakati ile nyeupe ilikuwa shuka, na uchungu niliouona usoni mwake sijawahi kuusoma katika ripoti yoyote. Nilitamani macho yale mapya yangekuta kitu kingine.

Uwanja wa KIA umelala mashariki na magharibi. Rubani alizunguka ili atue akielekea mashariki, na mlima ukahamia kushoto. Kijana aliyekaa dirisha la upande ule akajibana kwenye kiti. “Bibi, sogea, sasa uko huku.”

Akajiinua kadiri mkanda ulivyomruhusu. “Kwetu ni wapi?”

“Kulia kabisa, chini ya Mawenzi.”

Alitazama mteremko ule kwa muda, jinsi vumbi la tambarare lilivyopanda mpaka karibu na migomba. “Tukishuka mpigie baba yako mdogo,” akasema. “Muulize kama zamu yetu ya mfereji wa mfongo imeshapita. Migomba ya kihamba haijapata maji.”