Kambale ni wengi: namba gani itamtambulisha mgonjwa?

Sokoni Butembo, ukiita «Kambale!» usishangae wanaume wengi wakigeuka. Kwa Wanande, jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa: Kambale ni mtoto wa pili wa kiume, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Ni urithi mzuri, lakini kila nyumba inaanza kuhesabu upya. Ndiyo sababu jina peke yake halitoshi kumtambua mtu katika kituo cha afya.

Jambo hili si la mzaha. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, huko Kivu ya Kaskazini na Ituri, kila aliyemgusa mgonjwa alipaswa kufuatiliwa siku 21. Anayemfuata Kambale asiye yeye anamwacha yule mwenye hatari aendelee na safari zake. Na hapakuwa na namba moja ya kila raia ya kutegemea: sensa ya mwisho ya nchi ilifanyika 1984, na kwa miaka mingi kadi ya mpigakura ndiyo iliyotumika kama kitambulisho. Mtoto hana kadi hiyo.

Wengi hufikiri dawa ni kuhesabu: mgonjwa wa kwanza 1, wa pili 2. Inafaa pakiwa na daftari moja. Lakini vituo viwili vya vijijini vikiandika bila mtandao, kila kimoja kitakuwa na mgonjwa wake namba 57. Siku data zinapounganishwa mjini, watu wawili wanageuka mmoja, na chanjo ya huyu inaandikwa kwa yule. Ni shida ileile ya majina: kila nyumba imeanza kuhesabu upya.

Ndipo watengenezaji wa programu wanapotumia namba ya bahati nasibu. Simu ya muuguzi inaitunga papo hapo, bila kuuliza makao makuu. Ila urefu wake ndio kila kitu. Namba za tarakimu 4 ziko 10 000. Mtu atadhani zinatosha wagonjwa maelfu. Kumbe zikigawiwa kwa bahati, wakifika 120 tu, uwezekano wa wawili kupata namba moja umeshapita nusu. Kwa hiyo kuna namba ndefu iitwayo UUID: alama 32, tarakimu pamoja na herufi a hadi f. Hata zikitungwa bilioni moja kila sekunde, ingepita karibu miaka 86 ndipo uwezekano wa mbili kufanana ufikie nusu.

Bahati hiyo lazima iwe ya kweli. Programu inayotegemea saa ya simu peke yake inaweza kutoa namba ileile kwenye simu mbili zilizoanza pamoja. Na hifadhidata yenyewe iwekewe sharti la kukataa namba iliyokwisha kutumika. Kuna pia faida ya siri: mwenye namba 57 anajua kwamba 58 ipo, na mtu mdadisi anaweza kujaribu kuifungua. Namba ndefu ya bahati haikisiwi hivyo.

Hata hivyo, namba haina macho. Mama akikimbia vita Masisi na kufika Goma bila fishi ya mtoto, kituo kitamwandika upya na kumpa namba nyingine. Hapo mtoto mmoja anakuwa wawili, na chanjo zake za zamani hazionekani. Hakuna hesabu inayozuia hilo. Kinachosaidia ni muuguzi kuuliza kwanza jina la mama, kijiji na tarehe ya kuzaliwa, na kutafuta kabla ya kuandika.

Wala hakuna mzazi wa kukariri alama 32. Zichapwe kwenye fishi kwa mchoro ambao simu inausoma, na wazazi waitunze fishi hiyo vizuri. Siku ya kukimbia, iingie kwenye mfuko pamoja na nguo za mtoto.