Vumbi la Risasi

Katika lugha yetu neno risasi hutumika kwa vitu viwili: madini mazito ya rangi ya kijivu, na kile kitokacho katika mdomo wa bunduki. Nilipokuwa mtoto nilidhani hicho cha pili peke yake ndicho kiuacho.

Ami yangu, mdogo wake baba, ndiye aliyenilipia karo. Alifanya kazi katika banda la mabati pembezoni mwa Mombasa, ambamo betri kuukuu za magari zilipasuliwa kwa shoka, tindikali ikamwagwa mchangani, na mabamba ya ndani yakayeyushwa katika sufuria. Risasi si ngumu kama chuma. Huyeyuka kwa joto la digrii 327, na moto wa makaa hulifikia joto hilo bila taabu. Nyingine ilimiminwa ikawa chubwi za wavuvi, na iliyobaki iliuzwa kwa uzito. Siku za likizo nilimpelekea chakula cha mchana. Alikula papo hapo, kwa mkono alioufuta katika suruali, nami niliona fahari kuketi karibu na mtu awezaye kugeuza madini kuwa maji.

Mwaka 2012 alianza kulalamikia tumbo. Lilimsokota hata akajikunja sakafuni, kisha akafunga choo siku nyingi. Alipewa dawa za vidonda vya tumbo, dawa za minyoo, na, sioni haya kusema maana ni kweli, kombe na hirizi. Hazikufaa. Baadaye kiganja chake cha kulia kililegea, kikaning'inia kama jani la mgomba lililovunjika, asiweze kufunga kishikizo cha shati lake mwenyewe.

Tabibu aliyeufumbua ugonjwa huo alianza kwa kuuliza, "Unafanya kazi gani, bwana?" Swali hili lina umri mkubwa. Mwaka 1700 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya maradhi ya wafanya kazi, akawausia wenzake wasiache kumwuliza mgonjwa kazi yake. Hata hivyo ami alikuwa amekwisha kupita mikononi mwa waganga watano, wala hapana aliyemwuliza.

Damu ilipimwa. Tulielezwa kwamba mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, ukaiweka akiba ndani ya mifupa, ambamo hukaa makumi ya miaka ikivuja kidogo kidogo kurudi katika damu. Iko dawa iwezayo kuondoa sehemu yake, lakini haimfai mtu arudiye katika moshi ule ule. Kisha tabibu akauliza jambo ambalo hatukulitazamia: ni nani afuaye nguo zake, na je, nyumbani mna watoto wadogo?

Binti yake alikuwa na miaka mitatu. Kila jioni alimkimbilia baba yake mlangoni, akauzamisha uso wake katika suruali ile. Alipopimwa, damu yake ilikuwa na mikrogramu zaidi ya 20 za risasi kwa desilita moja. Shirika la Afya Duniani husema kwamba 5 tu zatosha kuwa sababu ya kutafuta chanzo na kukikomesha, na kwamba hakuna kiasi kijulikanacho kuwa salama. Tumbo la mtoto hufyonza risasi kuliko la mtu mzima, nayo huudhuru ubongo ungali unajengwa.

Ami aliacha kazi. Mkono wake ulirudi kwa kiasi, na sasa auza kahawa. Binti yake yumo katika shule ya sekondari; masomo humwia mazito, wala hapana awezaye kusema ni kwa risasi au ni kwa maumbile. Ami ana hakika yake. Karo yangu ilitoka katika sufuria ile. Yeye hajapata kulitaja jambo hilo mbele yangu, nami silitaji.

Nafasi yake bandani ilichukuliwa juma lile lile na kijana wa jirani. Nilimwendea, nikamwambia avue nguo za kazi kabla ya kwenda kwao, anawe kwa sabuni kabla ya kula, asisimame upande uendako moshi. Alinisikiliza kwa adabu, upawa mkononi. Nilipomaliza, aliniuliza kama najua mahali pengine panapotaka mtu wa kazi.