Woodward: Barabara Ambako Farasi wa Chuma Hufunzwa Kupiga Kona

Ukijaliwa siku moja kufika mji wa Detroit, Marekani, usianze matembezi yako penye maduka. Shuka hadi kando ya mto, pale Barabara ya Jefferson inapokutana na ile ya Woodward. Hapo utakuta mkono mkubwa wa shaba umening'inizwa hewani, ngumi imekazwa. Ni ukumbusho wa bondia Joe Louis, aliyekulia mjini humo, na umekuwapo tangu 1986. Sasa upe mto mgongo. Barabara unayoiona mbele yako ndiyo tutakayoifuata leo.

Woodward huanzia hapo na kwenda hadi mji wa Pontiac, mwendo wa kilomita 40 na ushei, karibu sawa na kutoka Nairobi hadi Thika. Ni pana, na kwa sehemu kubwa imenyooka kama uzi. Kumbuka neno hilo, imenyooka, kwa maana ndilo lililozaa kisa chetu.

Mji wa taa na magari

Detroit ni mji uliolelewa na gari. Mwaka wa 1909 maili moja ya Woodward, kati ya Barabara ya Maili Sita na ile ya Maili Saba, ilitandazwa saruji, ikawa miongoni mwa barabara kuu za kwanza kujengwa hivyo. Mwaka wa 1920 afisa wa polisi wa mji huo, William Potts, alitengeneza taa za rangi tatu za kuongoza magari kutoka pande nne, hizi hizi za nyekundu, manjano na kijani ambazo wewe hunung'unika ukizisubiri mjini Nairobi.

Ukiendelea kidogo utafika Highland Park, mji mdogo uliozungukwa na Detroit. Hapo ndipo kampuni ya Ford ilipoanza, mwaka wa 1913, kuunganisha magari yakiwa yanasogezwa mbele ya wafanyakazi. Kazi ya kuunda fremu ya gari la Model T, iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12, ikawa ya saa moja na nusu hivi. Watu walimiminika kutafuta kazi, na kufikia 1950 Detroit ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.8. Baadaye viwanda vilihama na watu wakahama. Hesabu ya 2020 iliwakuta wakazi 639,111. Ndiyo maana utaona majengo mazuri yaliyorekebishwa yakipakana na viwanja vitupu vilivyoota nyasi.

Kutoka taa hadi taa

Katika miaka ya 1960 vijana wa Detroit na vitongoji vyake waligundua burudani ya bei nafuu. Jioni zilipofika walikuja Woodward na magari yao, wakasimama wawili wawili penye taa nyekundu, na kijani ilipowaka kila mmoja alikanyaga mafuta hadi mwisho. Mshindi alijulikana kabla ya taa iliyofuata. Polisi waliwafukuza, nao wakarudi.

Viwanda vilikuwa vikitazama. Mwaka wa 1964 kampuni ya Pontiac, iliyopewa jina la mji ulio mwisho wa barabara hii, ilichukua gari la ukubwa wa kadiri ikalitia injini ya lita 6.4 na kuliita GTO. Wamarekani wakayapa magari ya namna hiyo jina la magari ya misuli. Tarehe 17 Aprili mwaka huo huo Ford ilizindua Mustang, yaani farasi mwitu, kwa bei iliyoanzia dola 2,368. Kufikia Machi 1966 farasi hao walikuwa wametengenezwa milioni moja.

Lakini wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mustang ile ilikuwa na sura mpya tu. Chini ya nguo hizo nzuri kulikuwa na viungo vya Ford Falcon, gari la familia la bei ya chini lililotoka 1960, lililokusudiwa kumpeleka baba kazini na mama sokoni. Mbele ya viungo hivyo sasa ilipachikwa injini nzito ya silinda nane. Kwenye mstari ulionyooka hapakuwa na neno. Kasheshe ilianza penye kona.

Somo lililopita Nairobi

Hapa, msomaji, sisi wa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu. Majuma machache tu kabla ya Mustang kuzinduliwa, wakati wa Pasaka ya 1964, Kenya ikiwa na miezi michache ya uhuru, mbio za East African Safari zilifanyika kama kawaida. Wamarekani walikuja na kikosi cha Mercury Comet, magari ya silinda nane yaliyokuwa ndugu wa Falcon, na kwa hiyo binamu wa Mustang. Yaliandaliwa na Bill Stroppe, mtengenezaji mashuhuri wa magari ya mashindano kutoka California.

Magari 94 yaling'oa nanga, na 21 ndiyo yaliyofika. Katika hayo, Comet zilikuwa mbili tu. Ushindi uliwaendea Peter Hughes na Billy Young, katika Ford Cortina GT yenye injini ndogo ya lita moja na nusu. Matope, mashimo na kona za nchi zetu hazikusujudia ukubwa wa injini.

Tatizo lilikuwa wapi?

Tuiname sasa tuangalie chini ya Mustang ya 1965. Kila gurudumu la mbele limeshikwa na mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini. Springi imesimama juu ya mkono wa juu, na shokabsoba imepita katikati yake, vyote viwili vikiwa ndani ya mnara wa bati uliojengwa pembeni mwa injini. Mikono hiyo huchezea kwenye bushi za mpira, na gurudumu huzungukia boljointi.

Gari linapoingia kona kwa kasi, bodi hulala upande wa nje. Gurudumu la nje hubebeshwa mzigo mkubwa, na hapo ndipo linapotakiwa kukanyaga lami kwa upana wake wote. Katika Mustang ile mkono wa juu ulifungwa mahali ambapo, bodi ikilala, gurudumu nalo lililala nje pamoja nayo. Tairi likawa linakanyaga kwa ukingo tu, kama kiatu kilicholika kisigino upande mmoja. Dereva akizungusha usukani, pua ya gari hukataa kufuata na kuendelea kuelekea mtaroni.

Mhandisi wa Ford aitwaye Klaus Arning ndiye aliyepiga hesabu za dawa yake. Carroll Shelby, dereva wa zamani wa mashindano ambaye aliwahi pia kufuga kuku huko Texas, aliitumia dawa hiyo katika Mustang zake za GT350 za 1965. Usitarajie muujiza. Matundu mawili yanayoushikilia mkono wa juu yalitobolewa upya, chini ya yale ya kiwandani kwa inchi moja, yaani milimita 25 hivi. Kwa badiliko hilo, bodi inapolala, kichwa cha gurudumu huvutwa ndani na tairi hubaki likikanyaga sawasawa. Shelby aliongeza kiimarishi kinene zaidi cha kuzuia bodi kulala, shokabsoba bora, na chuma cha kuunganisha minara miwili na ukuta ulio nyuma ya injini ili isiyumbe. Jina la chuma hicho lafaa kutajwa. Mafundi hukiita chuma cha magari ya nje, kwa sababu Ford ilikiweka katika Mustang zilizopelekwa ng'ambo, ambako barabara mbovu zilitarajiwa kuitikisa minara hiyo.

Kwa ufupi, Shelby aliongeza nguvu za injini, lakini hakumwacha farasi bila lijamu.

Sherehe ya Agosti

Ukitaka kuwaona farasi hao wakiwa hai, fika Woodward Jumamosi ya tatu ya Agosti. Mwaka wa 1995 watu wa kitongoji cha Ferndale, wakiongozwa na Nelson House, walitafuta fedha za kujengea watoto uwanja wa kandanda. Wakaamua kuwaita wenye magari ya zamani watembee barabarani kama enzi zile. Walijitokeza watu wapatao 250,000. Tangu hapo sherehe hiyo, iitwayo Woodward Dream Cruise, imekuwa mila. Familia hupanga viti vya kukunja kando ya barabara kupitia Royal Oak, Birmingham na kuendelea hadi Pontiac, wazee wakiwaeleza wajukuu kila gari lilivyokuwa. Kampuni ya Pontiac yenyewe haipo tena, ilifungwa 2010. Magari yake bado yananguruma.

Siku hiyo usitazame rangi tu. Boneti zikifunguliwa, sogea. Utaona kwamba wenye magari haya wamegawanyika makundi mawili, na ubishi wao hauishi.

Kundi la kwanza husema gari libaki kama lilivyotoka kiwandani, hadi nati ya mwisho. Kundi la pili limeng'oa viungo vyote vya mbele, likakata ile minara ya bati na kuweka mfumo mpya kabisa, pamoja na usukani wa kisasa. Gari hugeuka vizuri na injini hupata nafasi, ila bati likishakatwa halirudi kwa urahisi, na kazi hiyo inataka fundi anayejua mzigo wa gari utapitia wapi baada ya mnara kuondoka.

Katikati yao wamo wenye busara, nao ndio wa kuigwa. Hawa huanza na vitu vilivyochakaa. Hubadilisha bushi, kwa sababu mpira wa miaka 50 umekuwa mgumu kama ubao. Hubadilisha boljointi na tairodi. Huweka tairi za radiali, kisha hupeleka gari kwenye wili alaimenti, wakijua kwamba vipimo vya kitabu cha 1965 viliandikiwa tairi za aina nyingine. Hutoa breki za ngoma za mbele na kuweka za diski. Mwisho kabisa, gari likiwa zima, ndipo huchukua keekee na kutoboa yale matundu ya Shelby. Wengi husimama hapo, kwa maana gari limekuwa jipya mikononi.

Ubishi wa makundi hayo una jibu, nalo liko mwendo mfupi tu, katika kitongoji cha Dearborn. Ndani ya jumba la makumbusho la Henry Ford imo Mustang yenye nambari ya kwanza, ile iliyouzwa kabla ya wakati wake kwa rubani Stanley Tucker wa Kanada. Kampuni ilipoitaka irudi, alikubali kubadilishana na Mustang nyingine. Hiyo haiguswi, na ni haki isiguswe, kwa kuwa kazi yake ni kutueleza mambo yalivyokuwa. Lakini haibebi watoto. Gari linalobeba watoto lina wajibu mwingine, na fahari ya kuliweka kama lilivyozaliwa haiwezi kutangulia roho za waliomo ndani.

Turudi nyumbani

Huenda unasema, mimi sina Mustang na sitakuwa nayo. Sawa. Lakini una Peugeot ya mzee iliyoegeshwa uani, au Toyota iliyotumika Japani kabla ya kukufikia. Kanuni ni ile ile. Ukipita Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi bado huiita Grogan, utasikia vijana wakiulizia injini kubwa zaidi. Ni wachache wanaoulizia bushi.

Wapo pia wanaokata springi ili gari lao likae chini kama la sinema. Usifanye hivyo. Springi iliyokatwa bila kipimo hulifanya gari ligonge chini kwenye kila shimo, na tairi kupaa penye matuta. Wala usimruhusu mtu kufungua springi kwa spana na jeki pekee. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kumuua fundi, na ina kifaa chake maalumu cha kuishikia.

Kuna dalili unazoweza kuzitambua bila kuwa makanika. Tazama tairi za mbele: zikiwa zimelika upande mmoja, kuna kiungo kilichochoka au vipimo vimepotea. Sikiliza mgongano unapovuka tuta polepole. Pahali tambarare pasipo magari mengine, angalia kama gari linavuta upande mmoja ukilegeza mkono kwenye usukani. Bonyeza pua ya gari kwa nguvu kisha uiachie: ikiendelea kupanda na kushuka, shokabsoba zimekwisha.

Ukiona mojawapo ya dalili hizo, mpelekee fundi unayemwamini kabla hujawapakia watoto kwenda mashambani likizo ya Agosti. Mwambie aanzie mbele, chini, kwenye viungo. Habari za injini mtazizungumza siku nyingine. Safari njema.